Nani Atampokea Mwanetu? Safari ya Clyde Best kutoka uchezaji hadi ulezi

Mwaka uliopita, baada ya sala ya Isha, mzazi mmoja wa msikiti wetu aliijia kamati akiwa na jambo lililomwelemea. Mwanawe, kijana wa miaka 17 aliyelelewa katika madrasa yetu na ambaye mtaa mzima unamjua kwa uhodari wake wa kucheza mpira, alikuwa amesafiri kwenda mjini kujaribiwa na timu. Mtu aliyeahidi kumpokea stendi hakutokea, na simu yake haikupatikana tena. Usiku wa kwanza kijana alilala palepale stendi. Usiku wa pili akalala kwenye baraza ya duka la watu. Siku ya tatu akarejea nyumbani kwa nauli ya kukopa. Tangu siku hiyo hakuugusa tena mpira. Na lililomuumiza baba yake zaidi ni kwamba hakuonekana tena msikitini, kwa haya.

Kamati iligawanyika. Wapo waliosema kuwa mpira ni mchezo wa kupoteza wakati, na kwamba yaliyompata kijana ni funzo la kutosha. Wapo waliosema kuwa mwili wenye nguvu ni amana, na kwamba vijana tunaowafukuza uwanjani hawaendi maktaba, bali huenda vijiweni. Imamu wetu alizisikiliza pande zote mbili, kisha akauliza swali moja tu: "Kabla kijana hajapanda basi, nani kati yetu alimuuliza atapokewa na nani?"

Hakuna aliyejibu.

Swali hilo ndilo linalotufanya leo tusimulie habari za mtu wa mbali. Hatumleti mbele ya wasomaji kama kiigizo cha ibada, kwani kiigizo chetu ni Mtume Muhammad (s.a.w.). Tunamleta kwa sababu maisha yake yanajibu swali la Imamu kuliko maneno yetu mengi ya vikaoni. Mtu huyo ni Clyde Best.

Kijana wa kisiwani

Clyde Best alizaliwa tarehe 24 Februari 1951 huko Somerset, upande wa magharibi wa Bermuda. Bermuda ni visiwa vidogo vilivyo chini ya Uingereza, katika Bahari ya Atlantiki, kaskazini ya visiwa vya Karibi. Ni vidogo kiasi kwamba kisiwa chetu cha Pemba kingeweza kuvimeza zaidi ya mara kumi na tano na nafasi ikabaki. Katika ramani viko mbali kidogo na Karibi. Lakini kwa nasaba, kwa historia ya utumwa, na hata kwa michezo, watu wake ni ndugu wa watu wa Karibi.

Akiwa na umri wa miaka 15 tu, Best alikwishaichezea timu ya taifa ya Bermuda. Kocha wa timu hiyo wakati huo alikuwa Mwingereza aliyeitwa Graham Adams. Alipokiona kipaji cha kijana, alimwandikia Ron Greenwood, mwalimu wa klabu ya West Ham United ya London, akimwomba amtazame. West Ham haikuwa klabu ya mchezo. Miaka miwili nyuma, Uingereza ilipotwaa Kombe la Dunia la 1966, nahodha wake Bobby Moore na wenzake Geoff Hurst na Martin Peters wote walikuwa wachezaji wa West Ham.

Basi mwaka 1968 kijana wa miaka 17 akaaga wazazi wake, akapanda ndege peke yake.

Alifika London siku ya Jumapili. Uwanja wa ndege hakukuwa na mtu wa kumpokea. Akajitafutia njia kwa treni ya chini ya ardhi, na alipoona jina la stesheni ya West Ham akateremka, akidhani kuwa uwanja wa klabu upo hapo hapo. Kumbe uwanja ulikuwa mtaa mwingine, Upton Park. Wasomaji wetu na waipige picha hali hiyo: mtoto wa kisiwani, begi mkononi, mji wa mamilioni ya watu, siku ambayo ofisi zote zimefungwa, wala hajui amwulize nani. Hali yake siku ile na hali ya kijana wetu pale stendi zilikuwa sawa kabisa. Kilichozitenganisha ni kitu kimoja: Best alipata mlango uliofunguka.

Mlango uliofunguka

Kwa msaada wa mpita njia, Best alifikishwa katika nyumba ya familia ya akina Charles. Mama wa nyumba hiyo alikuwa Mwingereza mweupe, na mumewe alikuwa baharia aliyetoka visiwa vya Karibi. Wawili katika watoto wao walikuwa wachezaji wa West Ham. Mkubwa, John, mwaka 1963 aliwaongoza vijana wa klabu hiyo kutwaa Kombe la Vijana la FA, na mwaka huohuo akawa mchezaji wa kwanza mweusi katika kikosi cha kwanza cha West Ham. Mdogo wake, Clive, alikuwa wa rika moja na Best.

Mama yule alimpa kijana wa kisiwani kitanda, chakula na mahali pa kuita nyumbani. Hakumpokea kama mpangaji wa siku mbili; alimlea pamoja na wanawe. Sisi tuliosoma sira tunaijua thamani ya jambo hili. Muhajirina walipotoka Makka waliifika Madina mikono mitupu, na Ansari wakawagawia nyumba zao na mali zao. Hatusomi kuwa walianza kwa kuwahoji watafaulu au watashindwa. Waliwafungulia kwanza. Na Mtume wetu mwenyewe (s.a.w.) alikulia mikononi mwa walezi, kwanza babu yake na kisha ami yake, baada ya kufiwa na wazazi wake.

Tuzingatie pia wakati. Mwaka huohuo wa 1968, tarehe 20 Aprili, mwanasiasa Enoch Powell alihutubia mjini Birmingham akiwatahadharisha Waingereza dhidi ya wahamiaji, na wengi walimshangilia. Watu wa Karibi walikuwa wakihamia Uingereza kwa wingi tangu meli ya Empire Windrush ilipotia nanga Tilbury mwezi Juni 1948. Walifanya kazi hospitalini, katika mabasi na katika treni, lakini nyumba za kupanga ziliwakataa. Katika mji wa namna hiyo, mlango mmoja uliofunguka ulikuwa na uzito wa milango mia.

Tindikali na ukimya

Tarehe 25 Agosti 1969, akiwa na miaka 18, Best alicheza mchezo wake wa kwanza wa ligi, dhidi ya Arsenal, na matokeo yakawa sare ya bao 1-1. Alikuwa mshambuliaji mrefu, mwenye kifua kipana, mwenye nguvu lakini asiye mkorofi. Msimu wa 1971/72 alifunga mabao 17 ya ligi. Kwa jumla aliichezea West Ham michezo 218 na kufunga mabao 58.

Hesabu hizo haziwezi kueleza alichokilipia. Siku hizo wachezaji weusi katika ligi ya juu ya Uingereza walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Kila alipokwenda viwanja vya ugenini, maelfu ya watu walimlilia sauti za nyani na kumrushia matusi ya rangi yake. Huko Liverpool, katika uwanja wa Everton, kelele zilimfuata tangu mwanzo wa mchezo. Yeye akauchukua mpira, akakimbia nao mbali huku beki akimning'inia, akafunga. Hakuinua kidole kumjibu mtu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliletewa barua isiyo na jina. Mwandishi wake alitishia kummwagia tindikali usoni pindi atakapotokeza uwanjani katika mchezo uliofuata. Neno tindikali halihitaji kufafanuliwa kwa wasomaji wa pwani yetu. Tunajua linavyofanya uso wa mwanadamu. Siku ilipofika, Best alitoka pamoja na wenzake, akacheza. Hakikutokea kitu. Lakini hofu ile aliibeba miaka mingi, hata alipochapisha kitabu cha maisha yake mwaka 2016 akakiita The Acid Test, jina lenye neno hilohilo la tindikali ndani yake.

Je, kijana wa umri ule alizipata wapi nguvu? Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba baba yake alimwusia jambo moja: kwamba hachezi kwa ajili ya nafsi yake, bali kwa ajili ya watakaokuja baada yake. Akikasirika, akimpiga mtu, akifunga mizigo na kurudi Bermuda, mlango utakaofungwa si wake peke yake.

Tunaiona hapa maana ya subira kama walivyotufundisha masheikh wetu. Subira si kunyamaza kwa sababu huna la kufanya. Ni kujizuia ukiwa na uwezo wa kulipiza, kwa sababu umeona mbali kuliko aliyekuudhi. Suratul Hujurat imetufundisha kuwa mataifa na makabila yamewekwa ili tujuane, na kwamba ubora mbele ya Allah ni ucha Mungu. Waliompigia Best kelele hawakuwa na elimu hiyo. Sisi tunayo, basi tujiulize kama katika viwanja vyetu, tunapowatania wageni kwa rangi zao na makabila yao, tunaikumbuka.

Tarehe 1 Aprili 1972, West Ham ilipocheza na Tottenham, ilipanga wachezaji watatu weusi kwa pamoja: Clyde Best, Clive Charles na Ade Coker aliyezaliwa Nigeria. Jambo hilo lilikuwa geni kabisa katika ligi ya Uingereza. Miaka sita baadaye, mwaka 1978, Viv Anderson akawa mchezaji wa kwanza mweusi wa timu ya taifa ya wakubwa ya nchi hiyo. Wosia wa baba ulikuwa ukitimia.

Mchezaji anapozeeka

Umri wa mpira ni mfupi. Mwalimu wa chuoni akifika miaka 35 ndiyo kwanza anaanza kuheshimiwa. Mchezaji akifika hapo huambiwa apumzike. Hapa ndipo vijana wengi wenye vipaji hupotea, kwa sababu walijengewa miguu tu wakaachwa bila kujengewa jambo jingine.

Best alikwenda Marekani. Mwaka 1975, akiwa na klabu ya Tampa Bay Rowdies, alishinda ubingwa wa ligi ya huko kwa mabao 2-0 dhidi ya Portland Timbers. Bao moja lilifungwa na Arsène Auguste, mtoto wa Haiti. La pili alilifunga Best. Baadaye alicheza Feyenoord ya Uholanzi, Portland Timbers yenyewe, na Toronto Blizzard ya Kanada. Alipotundika viatu alifanya biashara ya udobi huko California. Tunalitaja hili makusudi. Mtu aliyeshangiliwa na maelfu alisimama akapokea nguo chafu za watu, akazifua, akala chumo la halali. Hakuna aibu hapo. Aibu ni mtu mzima kuketi barazani akisimulia mabao ya zamani huku watoto wake wana njaa.

Mwaka 1997 nchi yake ilimwita awe kocha wa timu ya taifa, akarejea Bermuda na kuishika kazi hiyo hadi karibu na mwanzo wa karne hii. Timu ya visiwa vidogo kama hivyo haimpi kocha utajiri wala vikombe vingi. Lakini aliwapa vijana kitu ambacho hakuna kocha mwingine angeweza kuwapa: alikwishaipita njia waliyotaka kuipita. Alijua baridi ya London, alijua upweke wa stesheni, alijua barua ya vitisho. Bermuda ilipofuzu kwa mara ya kwanza kushiriki Kombe la Dhahabu la kanda yake mwaka 2019, kocha wake alikuwa Kyle Lightbourne, mwana mwingine wa visiwa hivyo aliyekwenda kucheza Uingereza akarejea kufundisha kwao. Njia ilikuwa imekwishakuwa na alama za nyayo.

Kisha Best akafanya kazi ambayo magazeti ya michezo huitaja kwa mstari mmoja, ilhali sisi tunaiona kubwa kuliko mabao yote 58. Aliwahudumia wafungwa wa Bermuda waliokuwa wakiandaliwa kurudi uraiani. Ndugu zetu wa Zanzibar huliita gereza Chuo cha Mafunzo, na hiyo ndiyo kazi aliyoifanya: mafunzo kwa watu ambao jamii imekwishawafungia mlango. Mwaka 2006 alitunukiwa nishani ya MBE ya Malkia wa Uingereza. Yule aliyefika London bila mtu wa kumpokea sasa ndiye aliyekuwa akiwapokea wengine.

Mtoto mwingine wa nyumba ile

Kisa hakikamiliki bila kumtaja Clive Charles, yule mtoto wa mama aliyefungua mlango. Best alihamia Portland mwaka 1977. Clive akafika huko mwaka 1978. Mgeni wa jana akawa ndiye mwenyeji. Clive alibaki katika mji huo, akaanza kwa kufundisha mpira katika shule ya sekondari, na mwaka 1986 akawa kocha wa Chuo Kikuu cha Portland. Kwa miaka mingi aliziongoza timu za wanaume na za wanawake za chuo hicho. Mwaka 2000 aliiongoza timu ya vijana ya Marekani katika Olimpiki ya Sydney, ikashika nafasi ya nne.

Akiwa tayari anaugua saratani ya tezi dume, mwezi Desemba 2002, timu yake ya wanawake ilitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani. Mabao yote mawili ya fainali yalifungwa na mwanafunzi wake Christine Sinclair wa Kanada, ambaye baadaye amefunga mabao mengi katika michezo ya kimataifa kuliko mchezaji yeyote, mwanamume au mwanamke. Clive alifariki Agosti 2003. Uwanja wa chuo hicho umepewa jina lake.

Nyumba moja ya watu wa kawaida, katika mtaa wa wafanyakazi wa mashariki ya London, ilitoa walimu wawili waliolea vijana katika pande mbili za dunia. Mama wa nyumba ile hakuwa na shule ya michezo wala mfuko wa ufadhili. Alikuwa na kitanda cha ziada na sufuria ya kutosha mtu mmoja zaidi.

Tunalopaswa kulifanya

Turudi msikitini kwetu. Baada ya vikao vitatu, kamati haikupiga marufuku mpira, wala haikuuachia kama ulivyo. Tulikubaliana mambo machache ambayo yako ndani ya uwezo wa msikiti wowote.

Kwanza, kijana wa madrasa yetu hataondoka kwenda mji mwingine, iwe kwa mpira, kwa kazi au kwa masomo, kabla wazazi wake hawajaijulisha kamati anakokwenda. Katibu atawasiliana na msikiti wa huko, ili pawepo nyumba moja yenye jina na namba ya simu itakayomtarajia. Ummah wetu una misikiti kila mji. Itakuwaje mtoto wetu alale stendi huku adhana inasikika?

Pili, na sisi tumeorodhesha nyumba zitakazopokea vijana wa wengine. Nyumba nne zimejitolea, na ya kwanza kujiandikisha ilikuwa ya mjane mwenye vyumba viwili.

Tatu, kila mzazi mwenye mtoto mwenye kipaji amepewa swali la kujibu pamoja na mwanawe: mpira ukiisha, utashika nini? Atafute fundi wa kumfundisha, amalize shule, aihifadhi dini yake. Kipaji ni rizki, na rizki ya busara haiwekwi yote katika kikapu kimoja.

Nne, sala itangulie. Mazoezi yatakoma kabla ya adhana ya Magharibi, na kocha ndiye atakayeukamata mpira wa kwanza kuingia nao msikitini.

Na yule kijana? Wajumbe watatu wa kamati, akiwamo Imamu, walimwendea nyumbani. Hawakwenda kumhoji wala kumpa mawaidha. Imamu alimwomba radhi mbele ya baba yake, kwa niaba yetu sote, kwamba tulimwacha aende peke yake. Ijumaa iliyofuata alikuja kusali, akakaa safu ya nyuma. Sasa, baada ya Alasiri, huwasimamia watoto wadogo wa madrasa katika mazoezi yao. Mpira wenyewe bado hajaurudia kwa moyo wote, nasi hatumharakishi. Lakini wiki iliyopita tulimsikia akimwuliza mtoto wa miaka kumi aliyekuwa akijisifu kuwa atakwenda kucheza Ulaya.

"Sawa," alimwambia, "na ukifika, nani atakupokea?"

Tunamwomba Allah (s.w.) awalinde watoto wetu wanaosafiri, na azifanye nyumba zetu kuwa miongoni mwa zile zinazofunguka. Amin.